Jaji wa Mwisho Kupiga Kura

Vang, Dakota Kaskazini
14 Septemba 2006

Odessa, jaji mwenzangu,

Nimefika nyumbani salama. Ndege ilichelewa, Britta akanipokea uwanjani na kunilisha viazi vyake vya kuoka na supu ya uyoga ya kopo. Chakula hicho kikifikishwa mbele yetu kwa rufani, sitaweza kumtetea mwanangu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe za mahakama husomwa na wasaidizi wetu kabla hatujazisoma sisi, na haya si ya wasaidizi.

Tangu tumzike Signe wangu mwezi wa nne nimekuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, ila ganzi yenyewe imesahau kuisha. Nakula kwa kuwa sahani imewekwa mbele yangu. Silii. Wiki iliyopita kikaoni, wakili wa yule mfungwa wenu wa Arkansas alisema vizuri, nilimwona jasho likimtoka, lakini sauti yake ilinifikia kama jokofu linalonguruma jikoni. Nimekuwa mwendesha mashtaka, nikawa jaji wa kesi za kwanza, kisha rais akaniteua kwenye rufani, Seneti ikanihoji hadi nikasahau jina la mama yangu. Katika yote hayo nilisikia kitu moyoni, hata kama kilikuwa woga tu. Sasa sisikii chochote.

Ndiyo maana nakukumbusha makubaliano yetu. Unamkumbuka mzee Haverstock, alivyokuwa akisinzia kitini huku sisi wote tukimfunikafunika kama watoto waliovunja sahani ya mgeni. Kiti hiki tumepewa maisha yetu yote, na hakuna mkubwa anayeweza kumwambia mtu nenda kapumzike. Tukaapiana mezani kwa Signe, mimi na wewe: atakayeona mwenzake ameanza kupotea atamwambia waziwazi, na mwenzake ataondoka bila ubishi.

Naogopa jambo moja tu lililobaki duniani, nalo ni kumhukumu mtu bila kujua ninachofanya. Britta anasema nasahau mambo. Mimi nasema ni msiba. Wengine wakiniambia nitabishana nao, ndiyo kazi iliyonilea. Wewe ukiniambia, nitavua joho siku hiyo hiyo. Je, umeona chochote?

Wako,
Arvid Tollefson

*

Marlow, Arkansas
22 Septemba 2006

Arvid, mzee wangu wa theluji,

Pole kwa viazi. Ungekuwa huku ningekukaangia kambare na kukupa ugali wetu wa mahindi meupe wenye siagi, nawe ungesema kama kawaida yako kwamba "si mbaya", sifa kubwa kuliko zote mlizo nazo huko kaskazini.

Unauliza kama nimeona kitu. Nimeona mume aliyefiwa, basi. Alipofariki Raymond wangu niliweka funguo za gari kwenye jokofu, na kwa muda mrefu nikawa naandika mwaka uliopita kwenye hukumu zangu. Hakuna aliyeniambia nistaafu, wewe ukiwamo. Mama yangu alikuwa akisema mwaka wa kwanza wa msiba mtu hauzi nyumba, haoi, wala haachi kazi. Subiri huo mwaka uishe.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwa kuwa ulikuwa upande wangu, hukumu ya yule mfungwa wetu, Lemuel Cates, naiandika mimi. Grant Pruett, wa tatu wetu, anaandika ya kupinga, na unavyomjua, hata akipiga chafya huweka tanbihi. Sitaki kukuchosha na unayoyajua: mwenye duka aliuawa, Cates akafungwa maisha, na wakati wote huo upande wa mashtaka ulikuwa umemficha shahidi aliyeona gari jingine, jeupe, likiondoka pale dukani. Kabla sijawa jaji niliwatetea watu kama Cates katika kaunti kama ile. Najua namna wanavyosimama kizimbani. Sijawahi kuwa na hakika juu ya faili kama nilivyo na hakika juu ya hili.

Kura ni mbili kwa moja. Kanuni unaijua: jaji akifa au akijiuzulu kabla hukumu haijatoka, kura yake inakwenda naye. Kwa hiyo kula mboga na uvae soksi nzito.

Wako,
Odessa Whitlow

*

Vang
13 Oktoba 2006

Odessa,

Rasimu yako imefika. Nimeisoma, nimetia sahihi, na msaidizi wangu Tobias ameituma. Umeandika vizuri. Kijana yule aliyechoma ghala la ngano anastahili kusikilizwa upya, na nashangaa Pruett halioni jambo lililo wazi namna hiyo. Baba yangu alikuwa na ghala kama lile. Moto wa ngano ukishika huuzimi kwa ndoo, unakaa pembeni ukiutazama.

Jumanne nilikwenda kazini mapema, ufunguo ukakataa. Nikaugeuza huku na huku. Akatoka mama mmoja akaniambia, kwa upole kweli, kwamba pale ni duka la rangi na ofisi yangu ilihama zamani, akanipa kahawa na kumpigia Britta simu. Ningepaswa kuona aibu. Nilikaa kwenye stuli yake nikatazama kadi za rangi. Wana nyeupe za kila namna.

Britta amelifanya jambo hilo kubwa. Nimemwambia ulivyosema, kwamba ni msiba na nisubiri mwaka uishe. Nasubiri. Ingekuwa mbaya, ungeniambia.

Wako,
Arvid

*

Marlow
20 Oktoba 2006

Arvid,

Sahihi yako imefika. Asante.

Pruett anasema atamaliza maneno yake karibu na sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Mpaka hapo kaa nyumbani, Tobias akuletee kazi mezani, na gari mwachie Britta, barabara zenu zimeanza kuganda. Habari za milango na maduka ya rangi usimwandikie Jaji Mkuu wala Pruett. Watu hawaelewi msiba. Niandikie mimi.

Hapa ni mvua tu. Juzi nilipika kunde kwa mfupa wa nguruwe, nikazila peke yangu, hazikuwa na ladha yoyote. Huenda ganzi yako inaambukizwa kwa posta.

Odessa

*

Vang
9 Novemba 2006

Shangazi Odessa,

Nisamehe kwa kukuandikia bila baba kujua. Nimekujua tangu nikiwa msichana, ulipokuwa ukija na Raymond kuvua samaki kwenye barafu ukatukana baridi mpaka mama akaziba masikio yetu, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Jumapili baba alitoka kanisani katikati ya wimbo. Tulimkuta ndani ya gari la mtu mwingine, mlango wazi, theluji imemjaa mapajani. Alisema anamngoja mama amalize kuosha vikombe vya kahawa kule chini ya kanisa. Nikampeleka kwa daktari, kisha kwa daktari mkubwa mjini. Wamesema si msiba. Ni ugonjwa wa kumbukumbu, na huenda ulianza hata kabla mama hajafariki, ila mama alikuwa akimkumbusha kila kitu hivi kwamba sisi hatukuona.

Baba alimsikiliza daktari kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, akavaa kofia. Garini akaniambia, "Odessa angeniambia." Nikamjibu pengine Shangazi hajaona. Akasema, "Yule? Yule huona hata nukta iliyokimbia."

Kila asubuhi anavaa tai na kumngoja Tobias. Tobias anamletea faili, baba anatia sahihi. Tobias ni mwanasheria mchanga, amekuja kwetu Septemba hii, anaogopa hata kukohoa mbele yake. Mimi si mwanasheria, nafundisha watoto hesabu, lakini najua baba yangu angefanya nini kama angejua. Neno moja kutoka kwako litamtosha. Ahadi ni deni, Shangazi. Tafadhali mwambie.

Wako,
Britta

*

Marlow
14 Novemba 2006

Britta mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa.

Neno kama hilo haliandikwi. Linasemwa ana kwa ana. Nitakuja mwenyewe wiki moja baada ya Shukrani. Kuna kazi moja iliyobaki kati yangu na baba yako, na kufikia hapo itakuwa imekwisha. Mpaka siku hiyo acha mambo yaende yalivyo. Usimwandikie Jaji Mkuu, na usimwambie baba kwamba tumeandikiana.

Unajua ninavyompenda baba yako. Tulikaa kwenye mahakama ile watu wa vyama vyetu viwili wakitungoja tugombane, hatukugombana. Niamini kwa hilo.

Odessa

*

Vang
8 Desemba 2006

Odessa,

Leo asubuhi ni nzuri. Nimejifunza kuzitambua, na Britta ameniambia nikiipata moja niitumie upesi.

Hukuja.

Gazeti linasema Mahakama ya Rufani imeamuru Lemuel Cates asikilizwe upya, na kwamba ameachiwa kwa dhamana na yuko kwa dada yake. Niliisoma habari hiyo kama mnunuzi yeyote wa gazeti. Nilipolifikia jina langu ndipo niliposimama. Nikamwomba Tobias hukumu yenyewe. Hakuna ghala, Odessa. Kuna duka, kuna gari jeupe, kuna shahidi aliyefichwa. Nimeisoma yote kwa mara ya kwanza, ina sahihi yangu.

Kisha nikamwuliza Britta kama umewahi kumwandikia. Alijaribu kunikwepa, nikamwuliza tena kwa sauti ile ya kazini, akaniletea barua yako. Usimlaumu, mawakili wakubwa kuliko yeye wameanguka kwa sauti hiyo. Ulimwambia angoje kazi moja iishe. Mengi yamenitoka, lakini kuhesabu kura bado najua.

Nina swali moja. Siku ile, tulipotoka kwenye kikao tukafunga mlango tukiwa watatu tu, nilisema nini? Nataka maneno yenyewe.

Arvid

*

Marlow
14 Desemba 2006

Arvid,

Umeuliza, nakujibu.

Tulikaa kwa desturi, mdogo huanza na mkubwa humaliza, ili mdogo asije akamfuata mkubwa kwa woga. Pruett akasema anaikataa rufani, akatoa sababu. Nikasema mimi naikubali, nikatoa zangu. Tukakugeukia wewe. Ukauliza, "Signe anatungoja saa ngapi?"

Pruett akatazama meza. Nikakuambia taratibu kwamba tunapiga kura juu ya Cates. Ukasema, "Odessa yuko upande gani?" Nikasema niko upande wa Cates. Ukasema, "Basi na mimi," ukakusanya karatasi zako, ukatuhimiza tukale.

Kwenye lifti Pruett aliniambia, "Mwambie wewe. Wewe ndiye rafiki yake." Hakutaja kura, na sijui kama alinyamaza kwa heshima au kwa huruma. Nikamjibu nitakuambia. Kisha nikarudi hotelini nikafanya hesabu. Ukiondoka kura ni moja kwa moja, analetwa jaji mwingine, na kwa mahakama yetu ilivyo siku hizi nilijua atakuwa wa aina gani. Nikamwona Cates akifia ndani. Barua yako ikaja ikiniuliza kama nimeona chochote, nikakuandikia habari za funguo kwenye jokofu. Zile funguo ni kweli. Ndiyo sababu nilizitumia.

Sasa nasema nililopaswa kusema Septemba. Arvid, umeanza kupotea. Vua joho.

Na nakuomba jambo. Kura yako umeipiga, hukumu imetoka, na mtu aliyefungwa bila haki anakunywa kahawa jikoni kwa dada yake. Jiuzulu kwa heshima, watu wakupigie makofi, na tuyaache haya kati yetu. Sijamwandikia Jaji Mkuu. Nikimwandikia, watamrudisha Cates gerezani.

Odessa

*

Vang
19 Desemba 2006

Odessa,

Barua ya kujiuzulu imekwenda kwa Rais. Britta ameichapa, nami nikaisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Neno lako limechelewa, lakini limefika. Nimeshika ahadi yangu, sikubishana.

Ombi lako silikubali. Huenda uko sahihi juu ya Cates. Huenda ningesoma kumbukumbu yote ya kesi, kama nilivyokuwa nikisoma zamani, nikakubaliana nawe kila ukurasa. Lakini sikusoma. Mtu huyu alifungwa kwa sababu kuna waliowaficha majaji jambo, nawe umemtoa kwa njia hiyo hiyo. Na mwaka wote huu kitu kimoja tu nilikuwa bado nakiogopa, nikakutajia, ukakitia kwenye bahasha ukanitumia nikitie sahihi.

Nilidhani nitakukasirikia. Nimeketi hapa nikiisubiri hasira tangu kifungua kinywa, haijafika.

Mwandikie Jaji Mkuu leo. Kesho huenda nisikumbuke kwamba nimekuomba, na hapo kunyamaza kutakuwa rahisi mno kwako.

Arvid Tollefson

*

Marlow
17 Aprili 2007

Arvid,

Nilimwandikia siku ile barua yako ilipofika. Hukujibu barua zangu za Januari na Februari, na Britta ameniambia kwa nini, kwa hiyo hii naiandika nikijua atakusomea yeye.

Hukumu ilifutwa. Jaji Mkuu aliniita, akanisema faraghani kwa maneno machache, akaniambia nibaki kwenye kesi kwa kuwa faili naijua. Afadhali angenifokea. Januari polisi walimfuata Cates kwa dada yake. Gazeti lilisema walimkuta anapaka rangi ubao wa ukuta wa baraza, akawaomba amalize ule alioushika. Walimwacha amalize, ndipo wakamchukua.

Mahali pako tuliletewa Theodora Kessel wa Nebraska. Unamkumbuka, au ulimkumbuka: hajawahi kukubaliana nami juu ya lolote, hata hali ya hewa. Ndiye hasa jaji niliyemwogopa Septemba. Juzi tulifunga mlango. Pruett akaikataa rufani kama mwanzo. Akafuata Kessel. Alisema amesoma kumbukumbu yote, kisha akairudia, akitafuta namna ya kuninyima, na hakuipata. Asikilizwe upya. Mimi nilikuwa wa mwisho kupiga kura, na kura yangu haikuhitajika.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Ningekuambia Septemba, Cates angetoka mara moja tu, asingerudi kula baridi gerezani. Nawe ungelivua joho kwa mikono yako, mbele ya watu, kukiwa na keki na hotuba mbaya ya Pruett, ungeijua siku yenyewe ni siku gani. Niliwanyima wote wawili, na sikupata kitu ambacho nisingekipata kwa kusema kweli.

Nilifikiri nikiandika haya nitalia. Kahawa imepoa, nje mtu anakata nyasi, na mimi nasahihisha nukta.

Sikuombi unisamehe, nakujua, utasema "si mbaya" na kubadili mazungumzo. Nimehukumu watu maisha yangu yote kwa kusoma walichofanya. Nawe sasa umesomewa nilichofanya mimi. Naomba hukumu yako, Arvid. Iwe yoyote, nitaipokea.

Odessa

*

Vang
26 Aprili 2007

Shangazi Odessa,

Nilimsomea baba barua yako mezani, baada ya kifungua kinywa. Siku hizi huchagua tai mwenyewe na mimi namfungia.

Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotazamia. Alifumbata mikono, akainamisha kichwa upande mmoja kama anavyofanya, na pale kwenye habari za Jaji Kessel alininyooshea kidole nirudie. Nilirudia. Nilipofika mwisho akauliza kama upande wa pili una la kusema. Nikamwambia hakuna upande wa pili, Baba, ni Odessa peke yake. Akauliza, "Ana wakili?" Nikasema hana.

Nikashika kalamu nipate kuandika kila neno, kwa kuwa nilijua unangoja.

Akasema, "Mwambie mahakama imemsikia, na inamshukuru. Uamuzi utatolewa baadaye."

Nilingoja nikidhani ataongeza. Aliomba mkate mwingine, nikaupaka siagi, akala.

Wako,
Britta